Ziwa Lililokuja Kuomba Pumzi

Jana usiku niliota ziwa limenipigia hodi. Sikuiomba ndoto hiyo. Mimi ni mtu wa kulala na kuamka, mambo ya kuota nawaachia wenye nafasi, na jana ndiyo kabisa sikuwa nayo. Leo ilikuwa siku ya usafi wa mtaa, na mwenyekiti wa kamati ya usafi ni mimi, Mama Hiari. Nililala panga limeshanolewa, nimeliegemeza mlangoni, na fulana ya kamati nimeipiga pasi.

Kazi ya leo kila mtu aliijua: kufyeka matete yote yanayozunguka Ziwa Kwemtindi, ili mgeni rasmi akisimama chini ya turubai alione ziwa zima bila kitu kumziba. Ziwa lenyewe si kubwa. Limekaa katikati ya nyumba zetu, na siku hizi limegeuka kijani, linanuka, na asubuhi samaki wanakuja juu wakitweta. Ndiyo maana nikasema tulisafishe.

Kuna mtaalamu wa maji alikuja wiki iliyopita, binti mmoja anaitwa Leokadia. Akazamisha kisahani chake cheusi na cheupe kupima maji yanapitisha mwanga kiasi gani, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama, matete ndiyo figo za ziwa, msiyaguse. Nyie acheni tu kulilisha. Limeshiba kupita kiasi." Nikamwitikia vizuri, akaenda zake. Kulilisha! Nani aliwahi kulipikia ziwa? Nikaendelea na mipango yangu.

Basi, kwenye ndoto ilikuwa mchana kweupe, na hodi ikapigwa. Nikafungua mlango. Ziwa limesimama kibarazani. Limevua vyura wake na kuwapanga pembeni wawili wawili, kama watu wanavyovua ndala.

"Shikamoo, Mwenyekiti," likasema.

"Marahaba," nikaitikia, ndipo nikakumbuka kwamba ziwa lilikuwepo hapa kabla babu yangu hajazaliwa. Nikaona haya, lakini nilikuwa nimeshaitikia. Nikalikaribisha ndani.

Likakaa kwenye kochi. Vitambaa vyangu vya kufuma vikaanza kugeuka kijani, nikajifanya sioni. Nikaliuliza habari za huko lilikotoka. Likasema si nzuri.

"Sitakaa sana," likaendelea. "Nimekuja kuomba pumzi. Yangu imekwisha."

"Pumzi hatuna. Jaribu dukani."

"Ipo moja huko chumbani. Naisikia inakoroma."

Moyo ukanilipuka. Chumbani alikuwa amelala mume wangu, Baba Hiari, na Baba Hiari ana pumu. Pumzi yake ni ya kubembeleza. Kuna siku nakaa macho kuisikiliza inavyopanda na kushuka, naogopa nikisinzia itasahau kurudi. Mume wangu nampenda, nasema wazi, ingawa nikimwambia hivyo yeye huniuliza nimevunja nini.

"Hiyo ina mwenyewe," nikasema.

"Naiazima tu." Ziwa likavuta.

Mkoromo ukakatika. Baba Hiari akatoka chumbani na msuli wake, mkono kifuani, mdomo wazi, sauti hana. Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia.

"Mrudishie!" nikapiga kelele.

"Nitamrudishia nikiipata yangu. Mimi si mwizi, Mwenyekiti. Nimemwachia ya kumfikisha mwisho wa chakula."

"Chakula gani?"

Nageuka, na sebule yangu imekuwa turubai ukingoni mwa ziwa. Mtaa mzima umekaa, kila mtu na sufuria mapajani. Kwenye meza kuu limekaa ziwa, limevishwa shada la mgeni rasmi. Baba Hiari yuko pale pale kwenye kigoda chake, miguuni pangu.

Mzee Semkiwa anainuka. Huyu ni jirani yangu, ana bustani ya nyasi anayoipenda kuliko wajukuu. Ameshika bakuli la mbolea ya chumvichumvi.

"Karibu, mgeni," anasema. "Mvua ikinyesha huwa inakuja kwako yenyewe. Leo nimekuletea kwa mkono."

"Ahsante, nimeshiba," linasema ziwa.

"Umeshiba wapi wewe? Hata mikono hujanawa!"

Ziwa linakula. Linazidi kuwa kijani. Kila linapomeza linavuta pumzi, na kila linapovuta Baba Hiari anajikunja.

Anafuata Mwantumu, yule anayefua mazulia ya watu ukingoni. Anapakua povu kwa upawa, anarundika.

"La leo leo hili," anasema.

"Jamani, nimeshiba kweli."

"Usitutie aibu. Watu wanatuangalia."

Linakula tena. Niliogopa vibaya sana. Kwetu mgeni akisema ameshiba ndiyo kwanza anaongezwa, ndivyo tulivyolelewa, na sijawahi kuona ubaya wake mpaka jana.

"Acheni!" nikasema. "Mnaniulia mume!"

Turubai zima likanigeukia. "Mwenyekiti mchoyo," Mwantumu akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mwenyewe anapakua, sisi anatukataza."

Nikaangalia mkono wangu. Haki ya Mungu, mkono wa kushoto umeshika bomba la bafu langu, lile linalojulikana na mimi na migomba ya nyuma ya nyumba tu, na linamwaga kwenye sahani ya mgeni. Linamwaga sabuni, linamwaga na mengine ambayo mezani hayasemwi. Nikajaribu kuliachia. Vidole vikanigomea.

Hapo kikaja kisahani cha Leokadia, kinabingirika katikati ya masufuria. Kikasimama mbele yangu, kikakohoa kidogo.

"Kazi yangu ni kuzama," kikasema. "Nikizama nikaonekana, ziwa linapumua lenyewe. Nisipoonekana, linapumulia kwa mtu. Nizamishe."

Nikakikamata kwenye kamba yake. Ziwa likafungua mdomo, nikakishusha, na kabla hakijapita meno kikapotea.

"Sikuoni," nikasema.

"Hata mimi sijioni," kikajibu. "Huku giza. Kuna samaki wamepanga foleni, wa mbele anauliza kama hapa ndipo pa kutokea."

"Waambie wasubiri kidogo."

"Wanasema wamesubiri tangu mlipojenga."

Baba Hiari akateleza kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti. Midomo ilikuwa imeanza kumbadilika rangi. Akanyoosha mkono, akashika pindo la kanga yangu, kama anavyofanya pumu ikimbana, ili nijue kwamba bado yupo. Machozi yakanitoka.

"We ziwa, si una figo?" nikasema. "Zitumie basi!"

"Nazitumia. Ila nyie mnapakua haraka." Likasogeza shada, likanionyesha ubavu wake.

Mle ubavuni matete yamesimama kwenye mstari, maji magotini, kila tete na chujio la chai mkononi. Yanapokezana mabakuli.

"Mnafanya nini?" nikayauliza.

"Tunachuja."

"Mnachuja nini?"

"Bafu lako," likajibu tete la mbele, bila hasira na bila kuinua macho. "Hebu sogea, Mwenyekiti, unatuzibia mwanga."

Filimbi inalia. Turubai halipo tena. Tumesimama kwenye tope ukingoni, mtaa mzima na fulana za kamati na mapanga. Kwenye mkono wangu wa kulia lipo panga langu. Wa kushoto bado umeng'ang'ania bomba. Nyuma yangu Baba Hiari bado ameshika pindo la kanga, na nasikia pumzi yake imekuwa uzi.

Mzee Semkiwa ana kipaza sauti. "Sasa tunamkaribisha Mwenyekiti wetu afyeke tete la kwanza!"

Vigelegele.

"Twende," likasema panga.

"Siendi."

"Jana uliponinoa uliniambia nini?"

"Nilikwambia una kazi."

"Basi twende. Mimi sikunolewa nije kupigwa picha."

Likanivuta. Mtu akikusimulia kwamba panga lina nguvu kuliko mwanamke mzima mwenye mwili wake, usimbishie. Nikaburutwa hatua kwa hatua mpaka mbele ya matete, na mume wangu naye akaburutika nyuma yangu. Tete la mbele likaweka chujio lake chini. Likafunua majani, likanionyesha shina.

"Kata chini kabisa," likasema. "Usitukate mara mbili."

"Kata, Mwenyekiti!" akapaza sauti Mwantumu. "Mgeni rasmi anaangalia!"

Kweli alikuwa anaangalia. Mgeni rasmi alikuwa ziwa lenyewe, limekaa meza kuu, mashavu yamejaa chakula chetu, haliwezi kusema neno. Linatikisa kichwa tu. Nikatamani liiteme pumzi ya mume wangu, nikatamani niwe sijawahi kugombea uenyekiti wa kitu chochote.

Hapo nikahisi pindo la kanga limeachiwa.

Sikugeuka. Ningegeuka ningekufa mimi. "Sikia," nikaliambia panga, na nilikuwa nalia kwa sauti. "Kazi nilikuahidi. Wapi, sikukwambia."

Panga likasita. Nikafumba macho, nikalishusha kwa nguvu zangu zote, na sikuona limekata nini.

Nikazinduka.

Chandarua kilikuwa mahali pake, na jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Kitu cha kwanza nikatega sikio. Baba Hiari anakoroma, pumzi inapanda, inashuka, inarudi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikajicheka. Mwanamke mzima unalilia matete!

Nje filimbi ilikuwa inalia kweli. "Mwenyekiti!" Alikuwa Mzee Semkiwa, anagonga geti. "Watu wameshajaa! Mgeni rasmi yuko njiani!"

Nikavaa fulana, nikajifunga kanga, nikachukua panga. Sitawaficha, nilikuwa nakwenda kufyeka. Turubai limeshafungwa, watu wameacha shughuli zao, halafu mimi nikasimame mbele yao niseme nini, kwamba nimeota figo? Wangenicheka mpaka Krismasi. Nikashika komeo.

Nyuma yangu mume wangu akakohoa.

"Mama Hiari." Alikuwa amekaa kitandani, anajishika tumbo, uso umemvimba usingizi. "Jana ulinilisha nini?"

"Wali na mchicha. Kwani vipi?"

"Nimeshiba," akasema. "Nimeshiba mpaka nashindwa kuvuta pumzi vizuri." Akaweka mkono kifuani, akapiga mbweu.

Kipovu kikatoka mdomoni mwake. Kilikuwa kimoja tu, kidogo, cha sabuni. Kikapanda polepole, kikagusa chandarua, kikapasuka, na chumba kizima kikanuka sabuni ya mazulia ya Mwantumu.

Tukaangaliana.

"Nini kile?" akauliza.

"Pumua," nikamwambia. "Wewe pumua tu, Baba Hiari. Narudi sasa hivi."

Nikalisukumiza panga chini ya kitanda, nikachukua jembe. Nikafungua geti. Mtaa mzima ulikuwa nje, mapanga begani. Mzee Semkiwa akaliangalia jembe, akaniangalia mimi.

"Mbona hivyo, Mwenyekiti? Panga liko wapi?"

"Limelala. Na nyie yawekeni chini. Leo hakuna mtu anayegusa tete hata moja, nasema."

"Mama wee, na mgeni rasmi ataona nini?"

"Atatuona tunachimba shimo la maji machafu."

"Shimo? La nani?" akauliza Mwantumu.

Nikawapita wote, nikazunguka nyuma ya nyumba yangu mpaka kwenye migomba, nikasogeza majani makavu, bomba langu likaonekana linatiririka kuelekea ziwani. Walikuwa wamenifuata, wakalitazama, kisha wakanitazama mimi. Nikainua jembe.

"Tunaanza na langu," nikasema.