Godoro la Nje ya Geti

Mama alitaka kitu kimoja tu katika safari hiyo: walale ndani ya hifadhi ya jangwani. Alimwambia mwanawe waziwazi, tena mbele ya mkewe, asije mtu akasema hakusikia. Kwenye hema, kwenye mkeka, popote, mradi jua likichomoza limkute mchangani.

Marehemu mumewe aliendesha lori la maji kule jangwani. Kila akirudi alisifia vilima vya mchanga vinavyogeuka rangi alfajiri, na Mama, fundi cherehani asiyekubali kushindwa na rangi, alimletea kipande cha kitambaa: ni hii? Mume anacheka. "Bado. Utaiona mwenyewe." Akafa hajampeleka. Sasa macho nayo yalikuwa yanaaga. Cherehani alishaigawa, na daktari alimwambia kama kuna kitu anataka kukiona, asingoje mwakani.

Basi mwana, mwenye moyo mzuri na masikio ya kuazima, akakaa na simu kuchagua pa kulala. Ndani kulikuwa na kambi ya mahema, choo cha nje, mtandao hakuna. Nje ya geti, hoteli yenye bwawa la kuogelea.

"Mama, na mgongo wako huo? Hema litakumaliza."

"Mgongo ni wangu. Nimekulalamikia?"

"Hapa kuna godoro la maana, na geti ni pua na mdomo."

Mkwewe alishapakia nguo za kuogelea. Mama alikuwa akilipiwa safari, akaona haya kung'ang'ania.

Godoro lilikuwa zuri kweli. Hakupata usingizi. Kukiwa bado giza alikuwa wa kwanza garini, mtandio kichwani, ameshikilia mkoba kama anayekwenda harusini. Getini wakakuta kufuli.

"Wa nje tunawafungulia jua likishatoka," askari alisema huku akipiga miayo. "Waliolala ndani ndio wako vilimani saa hizi."

"Mbona hotelini hawakusema?" mwana alifoka.

"Uliwauliza, kaka?"

Walipofika vilimani jua lilikuwa juu na mchanga umepauka. Mama aliusogelea, akainama, akakodoa. Rangi ya gunia. Hiyo alikuwa ameishona maisha yake yote. Na mchana ule ule walitakiwa kugeuza gari, maana mwana kesho yake alikuwa na kazi.

Mwana aliwakimbilia wageni waliokuwa wakikunja hema, akaazima simu yao na kumwekea mama picha waliyopiga alfajiri karibu na pua. "Ona, Mama! Ndiyo hii! Imetoka safi kuliko hata kuona mwenyewe."

Mama aliona mwanga mdogo, na kivuli cha kidole cha mwanawe.

"Mwakani tunalala ndani. Nakuahidi."

Aliisogeza simu pembeni polepole. "Mwanangu, nilikuwa na macho ya asubuhi moja. Umeyalaza kwenye godoro."