Mwalimu wa Kamba za Nguo

Hakuwa na cheti. Hakuwa na meza ya kuchorea, wala rangi za dukani, wala mjomba aliyekalia kiti cha kuzunguka katika ofisi yoyote ile. Hakuwa na kimo cha kufikia rafu ya juu ya stoo, wala sauti ya kuwashinda wanaume wa kiwandani, wala jozi ya pili ya viatu. Alichokuwa nacho msichana huyu ni macho, na hayo hakuna aliyemwuliza habari zake siku alipoajiriwa kuosha fremu za kuchapia vitambaa.

Basi akaosha. Lakini kila fremu aliitazama vizuri kabla ya kuimwagia maji, akaona jinsi ua la ukingo huu linavyomalizikia ukingo ule. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye alichutama nyuma ya mapipa akachora kwenye makaratasi ya kufungia rangi. Siku mkuu wa wachoraji alipomfuma, alijua kibarua kimeota nyasi. Mkuu aliichukua karatasi, akaikata vipande vinne, akavipanga upya hivi kwamba pembe za nje zikakutana katikati, apime kama mchoro unaweza kurudiwa kitambaani bila kukatika. Maua yakaungana, hata pengo la kupitisha uzi halikuwapo.

"Nani kakufundisha?"

"Fremu zenu."

Kuanzia hapo mchana alichora, jioni akasoma. Akapata cheti, kisha kingine, mpaka chuo kikamwita akafundishe. Na kule kufundisha ndiko kulikomtia wazimu mpya.

"Dukani mtu hununua anachosifiwa," aliwaambia wanafunzi wake. "Mkitaka kujua anachokipenda, nendeni mkatazame kamba yake ya nguo."

Akawatoa darasani kweli. Wakazunguka mtaa kwa mtaa, msimu kwa msimu, wakiandika nguo zipi hufuliwa mara kwa mara na zipi zimepauka. Nguo iliyopauka ni nguo inayovaliwa sana, na inayovaliwa sana ndiyo mwenyewe ataitafuta tena itakapochakaa. Kwa njia hiyo aliweza kusema rangi ambazo watu wangezitaka kabla wao wenyewe hawajajua. Wapo waliomwelewa vibaya. Mama mmoja alimtokea na ufagio mkononi.

"Wewe, unachungulia suruali ya mume wangu?"

"Mume baki naye, dada. Mimi naitaka rangi ya suruali tu."

Jina la Mama Kamba lilianzia pale, na hakulikataa. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiopumzika, alilipenda kuliko yeye. "Wenzenu wanatabiri mvua," alikuwa akisema, "mke wangu anatabiri magauni."

Kiwanda kile kile alichooshea fremu ndicho kilichomsikiliza kuliko wote. Kila mwaka alikipelekea barua iliyobandikwa vipande vya vitambaa, kwa sababu rangi ikitajwa kwa mdomo kila mtu huona yake. Barua ikifika, rangi zinaagizwa na mitambo inawashwa. Hakuwahi kukosea, na hilo alilijua, na kichwa alikibeba hivyo hivyo barabarani.

Mwaka huu barua ilikuwa na mwiba. Binti yake, aliyemfundisha mwenyewe chuoni, sasa alikuwa mchoraji wa kiwanda, na mchoro wake wa kwanza mkubwa ulikuwa mezani kwa mkuu wa mauzo: majani mapana ya njano kali. Mkuu wa mauzo alikuwa ameupenda. Lakini kamba za mitaa mipya zilisema bluu iliyokoza. Kila uzio una bluu, na yote imepauka. Barua ikisema bluu, njano inarudi kabatini.

Alimwambia binti yake wazi, wakiwa jikoni.

"Kwa hiyo unanizika mwenyewe, mama?"

"Sikuziki. Nasema nilichokiona."

"Umeona bluu. Mimi je, hunioni?"

"Nakuona tangu hujaota meno, mwanangu. Kama huniamini, nenda kazitazame mwenyewe. Ila barua inaondoka kesho mchana, dereva anakuja kuichukua."

"Naenda!" Mlango ukabamizwa mpaka vikombe vikaitikia.

"Huyo kakurithi wewe," baba mtu akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mimi kwetu tunafunga milango taratibu."

Kesho yake asubuhi binti alirudi na mikono iliyolowa mpaka kwenye viwiko. Hasira alikuwa ameiacha huko huko.

"Mama, uliwahi kugeuza pindo?"

"Pindo gani?"

"La zile nguo za bluu. Nimeomba ruhusa, nimezigeuza. Ndani ya pindo zimepauka sawasawa na nje."

Mama Kamba akaweka kalamu chini. Ndani ya pindo hapaingii jua wala hapasuguki. Nguo iliyopauka kwa kuvaliwa hubaki na rangi yake pale.

"Na nyuzi?"

"Nzima. Viwiko vizima, kola nzima. Hazijavaliwa sana zile, mama. Mitaa mipya wanafua kwa maji ya visima, makali, yana chumvi, na bluu ya kiwanda haiyawezi. Mama mmoja kaniambia ameifua ya kwake mara mbili tatu tu, sasa anaionea haya."

"Twende," akasema Mama Kamba, akajifunga kilemba njiani.

Walikwenda. Akageuza pindo moja, la pili, akaendelea mpaka ua wa mwisho, maji yakimchuruzikia mkononi. Miaka yote kupauka kulikuwa na maana moja tu, hakuwahi kuhitaji kugeuza kitu. Halafu, pembeni mwa zile bluu, akaziona nguo alizokuwa akizipita kwa sababu hazikupauka sana: magauni na mashati ya rangi ya matofali, yenye viraka, yenye mapindo yaliyoshonwa na kushonwa tena.

"Hizi ndizo hawataki kuziacha," akasema taratibu.

"Ndizo."

"Na njano yako?"

Binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Njano sijaiona hata kwenye soksi."

Mama Kamba akamtazama. Binti alikuwa amekuja huku kuutetea mchoro wake, na alichokiokota hakikumsaidia hata kidogo, akakileta nyumbani vile vile. Kifua kilimjaa yule mama mpaka vifungo vikalalamika. Vyeti vyote vilivyokuwa ukutani havikuwahi kumpa hilo.

Nyumbani, barua ya kwanza ilikuwa mezani, imekamilika, na vipande vya bluu vimeshabandikwa. Angeipeleka, nani angejua mapema? Kiwanda kingechapa, na ukweli ungejulikana vitambaa vikishalala stoo. Jina lake lilikuwa safi, na alikuwa amelihangaikia. Aliikunja barua ile, akaichana.

Akaandika nyingine. Akasema chapeni rangi ya matofali, na bluu yenu mkaijaribu upya kwa maji ya visima. Akasema pia kwamba yeye alikuwa amesoma kamba vibaya mwaka huu, na aliyemsahihisha ni mchoraji wao wenyewe. Majani yake mapana ni mazuri, akaongeza, yanangoja rangi tu. Chini akaandika majina mawili, la binti juu, lake likafuata.

"Kipande cha kubandika hatuna," binti akasema. "Matofali hatukuyakusanya."

Baba mtu akakohoa. "Na hilo gauni alilovaa mama yako ni rangi gani? Nimelitia pindo mpaka sindano inaijua njia."

Mama Kamba akajitazama, akaangua kicheko. Akageuza pindo la gauni lake, na ndani rangi ilikuwa bado mbichi kama siku ya kwanza. Mkasi ukapita.

"Sasa limekuwa fupi," mume akasema.

"Basi utazame miguu."

Nje honi ikalia. Binti akakibandika kile kipande, akasubiri gundi ishike. Mama akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikafunga sawasawa, kisha akatoka nayo mwenyewe hadi barabarani, na lile gauni lake lililokatwa.

"Mama Kamba," dereva akauliza akiipokea, "mwaka huu tunavaa nini?"

"Mwambie mkuu wako aanze kwa kusoma majina mawili ya chini," akajibu, akaigonga bodi ya gari, likaondoka.