Miswaki Miwili Ukingoni mwa Bwawa

Rage, jirani yake Nasteho shambani, alisimulia hivi, na alisimulia kila siku bila kupunguza neno: mafuriko yaliyopita hayakuletwa na mvua. Wenye bwawa kule milimani walilifungua makusudi, tena Ijumaa, khutba ikiwa katikati, wakijua wanaume wote wa Garissa wako msikitini na hakuna wa kuokoa hata kuku. Wana ufunguo, alisema, mrefu kama mguu wa ngamia. Dereva mmoja wa lori aliuona kwa macho yake.

"Dereva gani, adeer?" Nasteho aliwahi kumuuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

"Alikufa, masikini."

Nasteho hakumwamini Rage. Lakini wenye bwawa nao hakuwaamini. Mama yake, Hawo, alivunjika nyonga katika mafuriko yale, na tangu hapo alilala kwenye kibanda cha shambani, kati ya mto Tana na laga, korongo kavu lipitishalo maji wakati wa mvua tu. Maji yakipanda, laga hujaa kwanza, kwa nyuma, kama mwizi. Ukishtuka, njia haipo. Na sasa msimu wa mvua ulikuwa umerudi. Nasteho alishamwomba wahame mpaka mdomo ukamchoka.

"Sihami kwa maneno ya Rage," mama alisema. "Si mmealikwa huko bwawani? Nenda ukawaulize. Nikisikia kwa sauti yao wenyewe kwamba maji yanakuja, nipandishe kwenye mkokoteni wa punda siku hiyo hiyo. Nisiposikia, usinisumbue, mwanangu."

Basi wakaenda, wakulima ishirini wa ukingoni mwa mto, kwa basi la wenye bwawa. Huko juu palikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ukuta ulitoka kilima hadi kilima, na nyuma yake maji yamelala, mengi kupita upeo wa macho. Nasteho hakuwahi kuona maji mengi hivyo yasiyokwenda popote. Yalimtia shaka, kama mgeni anayekaa kimya mno nyumbani kwa watu.

Injinia aliyewapokea alikuwa na viatu vinavyong'aa na sauti ya upole. "Bwawa hili halifunguliwi," alisema. "Likijaa, humwagika lenyewe pale pembeni. Na sasa halijajaa. Maji yanashuka."

"Ufunguo uko wapi?" Rage akauliza.

"Ufunguo gani, mzee?" Injinia akacheka kidogo.

"Unacheka! Mwenye kuficha ndiye hucheka."

Watu wakaangua kicheko. Nasteho hakucheka. Yeye alikuwa amelishika neno moja tu: yanashuka.

Akafanya kama wafanyavyo watu wa mto. Alijitenga kana kwamba anatafuta pa kutawadhia, akateremka kwenye kona moja isiyofikiwa na upepo, akatoa miswaki yake miwili ya mti. Mmoja akauchomeka pale pale maji yalipoishia. Wa pili akauchomeka juu zaidi, kiganja kizima, penye udongo mkavu. Kisha akarudi kwa wenzake.

Wakaoneshwa mashine, wakapewa pilau, wakapigwa picha, wakagawiwa kofia. Kila aliyesimama kusema alisema maji yanashuka. Rage alimaliza sahani mbili, akavaa kofia, na mara akaanza kusema injinia huyu ni mtu mzuri, ametoka kwa watu.

Baada ya sala ya alasiri Nasteho akarudi kwenye kona yake. Mswaki wa kwanza haukuonekana. Wa pili ulikuwa umesimama ndani ya maji, na maji yenyewe yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma mabua ya mahindi. Aliketi akayatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo akaenda kumwita injinia.

"Hayo ni mawimbi tu, dada," injinia alisema, akiteremka kwa kuchagua pa kukanyaga.

"Mawimbi huenda na kurudi. Haya nimeyangoja. Hayarudi."

Injinia akautazama mswaki. Akageuka akatazama juu ukutani, kama anayehofia kuonekana. "Mimi si msemaji," akasema polepole. "Taarifa hutoka ofisini."

"Kutoka hapa mpaka kwetu, maji huchukua siku ngapi?"

"Mbili. Tatu."

"Na taarifa ya mafuriko yale ilitufikia siku gani?"

Injinia akashusha macho kwenye viatu vyake.

Basi likapiga honi. Rage alikuwa ametoa kichwa dirishani, na kofia yake. "Haya, Nasteho! Tutakuacha uolewe na samaki!"

Nasteho hakugeuka. Alibonyeza namba ya mama yake, simu ikaita.

"Mama yangu hawezi kutembea," alisema. "Hatahama mpaka asikie sauti yenu. Jina lako silijui, wala sitaliuliza. Mwambie neno moja tu: ahame, au asihame?"

Akamnyooshea simu.

"Haloo?" sauti ya Hawo ikatoka, imekwaruza. "Nani? Ni mtu wa bwawa? Haya sema, baba, nasikiliza."

Simu ilibaki mkononi mwa Nasteho; injinia alikuwa ameinama, anapangusa tope kwenye kiatu.