Kikombe cha Mposaji

Yeremia alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, na jambo hilo hakuna aliyeruhusiwa kulisahau pale Kisanga. Serikali ilipolichukua shamba baada ya Azimio, Mgiriki alifunga virago akarudi kwao, na Yeremia naye akarudi kwao, akiwa na buli dogo la shaba lenye mkono mrefu, vikombe vidogo vya kaure, na maneno mengi. Kijiji cha ujamaa kikampa jembe kama watu wote. Asubuhi alilima shamba la kijiji, jioni akawa mpishi tena.

Kahawa ya dele tunaijua sote, ile nyepesi ya pale stesheni Kilosa, unapiga funda na kipande cha kashata unaendelea na safari. Ya Yeremia haikuwa hiyo. Buni alizikaanga, akazitwanga na kuzichekecha kwa kitambaa mpaka zikawa unga laini, akazichemsha taratibu na sukari humo humo hadi povu lipande, akamimina pamoja na machicha yake. Ulitakiwa kungoja machicha yatue, unywe ya juu. Asiyejua aliondoka na meno meusi.

"Hii ni ya Kituruki," alikuwa akisema. "Mama wa Kigiriki alizaliwa huko, ndiye aliyenifundisha. Mumewe akisikia inaitwa ya Kituruki alinuna mpaka jioni."

Basi binti yake Odilia akapendana na Ulimboka, kijana wa Kidete aliyefanya kazi ya reli. Yeremia alikubali kupokea posa, ila kwa sharti moja: kijana aje mwenyewe. Watu wakashangaa, maana kwetu mposaji hubaki kwao akingoja majibu. Sababu ya sharti Odilia aliijua asubuhi ya siku yenyewe, maji yakiwa tayari jikoni.

"Kwa Waturuki," baba yake alimwambia, "siku ya posa binti ndiye anayepika kahawa. Kikombe cha kijana hutiwa chumvi badala ya sukari. Akinywa bila kukunja uso, ana subira, anapewa mke. Akikunja, anarudi kwao. Mimi sitoi binti yangu kwa mtu wa hasira."

Mama yake, Letisia, alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, ukaendelea. Mtu wa hasira! Anayesema hayo ni Yeremia, ambaye mboga ikizidi chumvi hata kidogo, sahani inaruka mlangoni na watoto wa jirani wanajua leo kwa mpishi kumeharibika. Kweli nyani haoni kundule.

Odilia aliogopa, na alikuwa na sababu. Ulimboka alikuwa na uso usiojua kuficha kitu. Akiumwa jino, Kidete nzima inapata habari. Alifikiri kutia chembe mbili za chumvi basi, lakini baba yake alimsimamia, kisha akachukua kijiko akatia mwenyewe, kimejaa.

Ulimboka alikuja na baba yake mkubwa, mzee Petro, nyapara mstaafu wa njia ya reli, mtu wa kushika mila hadi mila zenyewe zimchoke. Zikapita shikamoo na marahaba, yakapita ya mvua na ya mahindi. Odilia akaleta sinia, akapiga magoti, akamkabidhi Ulimboka kikombe chake kwanza, kama alivyoagizwa.

Hapo ndipo Yeremia alipokosea. Alikariri mila za Waturuki akasahau za kwao. Kijana gani wa kwetu atakunywa mbele ya mkubwa wake? Ulimboka alipokea, akageuka, akampa mzee Petro kwa mikono miwili.

Mzee Petro alikitazama kile kikombe. Kinywaji cheusi, kizito, hakijui, na nyumba ni ngeni. Kwao hata pombe huonjwa kwanza na mwenye nyumba, mgeni asije akadhurika. Akamnyooshea Yeremia.

"Mzee mwenzangu, tutolee sumu kwanza."

Kukataa kungekuwa kukiri kwamba sumu imo. Yeremia akakipokea, akapiga funda kubwa ili yaishe. Hayakuisha. Chumvi ilimpanda puani, akakohoa, akakitua kikombe mkekani, akatemea nje ya mlango, na kabla hajakumbuka lolote mdomo ukatoa maneno yaliyozoea kutoka: "Nani ametia chumvi hivi?"

Mzee Petro alikuwa ameshasimama na fimbo yake. "Ulimboka, twende. Hatuwezi kunywa alichokitema mwenyewe."

Odilia aliona ndoa yake inavaa viatu. Baba yake alikuwa bado anakohoa na hakuna mwingine wa kusema, basi akasema yeye, mbele ya wakubwa, na aibu yake yote.

"Ni chumvi tu, mzee. Waturuki humpima nayo mposaji, na baba alitaka kumpima. Kikombe kilikuwa cha Ulimboka."

"Kilikuwa changu?" Ulimboka akauliza.

"Chako."

Akainama, akakichukua pale mkekani, akanywa. Uso wote ulikunjamana, machozi yakamlenga, mishipa ya shingo ikasimama. Alikunywa hivyo hivyo mpaka chini, na machicha pia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari za machicha. Akakiweka kikombe kwenye sinia.

"Ahsante," akasema, meno meusi tii.

Odilia alicheka huku analia, hakujali nani anamwona.

"Amekunja uso," Yeremia akasema kwa sauti iliyokauka.

Letisia alijibu kutoka mlangoni. "Amekunja, baba Odilia. Na amemaliza."

Yeremia alikitazama kikombe kitupu. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Kaa, mzee mwenzangu. Sema ulichokuja kusema."

Mzee Petro akakaa, akasema, na Yeremia akakubali.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Letisia alipakua ugali na mlenda. Mlenda ulikuwa na chumvi nyingi, na Letisia hakuwa mtu wa kukosea kipimo. Yeremia alionja tonge la kwanza, akamtazama mkewe. Letisia naye akamtazama. Odilia alisogeza miguu yake mbali na mlango. Yeremia alimega tonge jingine, na jingine, akala mpaka akamaliza, kisha akaomba maji.