Kiapo cha Wakili Nurdin

Wakili Nurdin alitoka masjala ya mahakama pale Lindi. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mteja wake, Tekla, vumbi la safari ya kutoka Kiranjeranje bado liko kwenye viatu.

"Mama, rufaa yetu imefutwa," alisema. "Iliitwa tarehe kumi na mbili. Hatukuwepo."

"Si uliniambia ishirini na moja?"

"Nilikwambia hivyo. Nilikosea mimi kuandika."

Akangoja matusi, na alijua anayastahili. Ekari nne za ufuta, walizofyeka Tekla na marehemu mumewe kwa mikono yao, zilikuwa zimechukuliwa na shemeji yake Augustine. Augustine alishinda kwenye baraza la ardhi, na rufaa hii ndiyo ilikuwa tumaini pekee lililobaki.

Tekla alikung'uta vumbi viatuni. Kisha akauliza swali ambalo Nurdin, kwa miaka yake kumi na moja ya uwakili, hakuwahi kuulizwa na mteja ambaye yeye mwenyewe alimponza.

"Sasa tunafanya nini, na tunaanza saa ngapi?"

Walianza palepale. Ofisini Nurdin alimweleza kwamba wataomba rufaa irejeshwe, na yeye mwenyewe ataapa kwa maandishi kueleza kwa nini hawakufika. Ridhiwani, wakili aliyechangia naye chumba, akadakia bila kuinua kichwa.

"Andika uliumwa. Cheti cha hospitali kitapatikana. Ukisema ulikosea tarehe, jaji atakwambia uzembe wa wakili si sababu. Hilo unalijua."

Nurdin alilijua. Aibu ikamshika, maana akilini alikwisha kuanza kuyapanga maneno hayohayo.

Tekla akaweka kikombe cha chai mezani. "Uliumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Basi usiape. Augustine aliapa uongo juu ya shamba langu, ndiyo maana niko hapa. Mimi na yeye tunasali jumuiya moja. Nikishinda kwa njia yake, nitamtazamaje?"

Ridhiwani akarudi kwenye makaratasi yake.

Kiapo kikaandikwa kama mambo yalivyokuwa: jaji alitaja kumi na mbili, wakili akaandika ishirini na moja, mteja akapewa tarehe isiyo sahihi. Nurdin akaambatisha na ukurasa wenyewe wa shajara yake ya tarehe za kesi, kosa lake likionekana waziwazi. Tekla naye akaapa chake, kifupi: kabla ya siku hiyo rufaa ilikwisha kuitwa mara sita, na mara zote sita alifika, hata wiki ile ya mafuriko alipolazimika kutoka nyumbani siku mbili kabla. Siku ya nne maombi yakawa mahakamani.

Yalipokuja kusikilizwa, wakili wa Augustine alisimama kwa ukali. "Mheshimiwa, hapa si mahali pa kusahihishia shajara za mawakili!"

Jaji akamgeukia Nurdin. "Unakubali kwamba ni uzembe wako?"

"Nakubali, Mheshimiwa. Ni wangu peke yangu. Mama huyu hakukosa lolote."

Jaji akafunua jalada polepole, akiangalia mahudhurio karatasi kwa karatasi. Halafu akamsimamisha Tekla na kumuuliza alijua lini kwamba rufaa imefutwa.

"Tarehe ishirini na moja, Mheshimiwa, saa tatu asubuhi. Saa sita tulikuwa tunaandika maombi."

Jaji alimkaripia Nurdin mbele ya watu wote, naye akainamisha kichwa. Uzembe wa wakili, alisema, kwa kawaida haumwokoi mtu. Lakini mwombaji huyu hakuiacha kesi yake hata siku moja, alipojua tu amekimbilia mahakamani, na hakuna aliyeficha kitu. Rufaa irejeshwe.

Nje, Nurdin alikusudia kuomba radhi upya, akamkuta Tekla yuko kwenye simu na dada yake Marietha.

"Imerudi!" alikuwa akisema kwa sauti. "Hapana, hatujashinda. Imerudi tu. Sasa ndiyo tutasikilizwa."

Akakata simu, akamtazama wakili wake.

"Leo umesimama vizuri," akamwambia.

 Nurdin alimpokea mfuko wake, wakaongozana taratibu kwenda kituo cha mabasi.