Taa ya Hodhi la Shubiri Moja

Binti yangu tunamwita Kobe. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hata sasa, ana miaka ishirini na minne, ukimtuma chumvi utamkuta dukani anasoma maandishi ya pakiti. Mimi nina stashahada ya ushonaji na karakana ya vyerehani kumi na viwili. Kwangu kitu hukatwa, hushonwa, hupigwa pasi, kikaondoka. Mungu naye ana mizaha yake.

Baada ya miaka miwili ya kutafuta kazi, Kobe alipata nafasi ya kujaribiwa kwenye kitalu cha matumbawe. Pale hukata tumbawe moja vipande vipande, wakavikuza, kisha wakavirudisha baharini. Mkuu wa kitalu alimkabidhi vipande kumi na viwili, kila kimoja kama kidole gumba, vimegandishwa kwa gundi juu ya vigae vidogo. Akampa na hodhi la kioo, pana kama meza ya kukatia nguo, lakini kina chake shubiri moja tu.

"Pampu hii, chumvi hii, kipima mwanga hiki," alimwambia. "Taa chagua mwenyewe. Nakuja baada ya wiki nane. Nikivikuta vizima, tutaongea habari ya kazi."

Chagua mwenyewe! Kumwambia Kobe hivyo ni sawa na kumwambia aruke.

Tuliliweka hodhi chumba cha nyuma, ninakohifadhi mabaki ya vitambaa. Kwa muda aliviwashia taa ndogo ya kuazima, huku akiandika orodha ya taa, akiifuta, akiandika nyingine. Siku ya kumi uvumilivu ukaniishia.

"Umefika wapi?"

"Bado nalinganisha, mama. Maji yenyewe machache, kwa hiyo mwanga hauna pa kupungulia. Halafu..."

"Mwanangu, mmea bila mwanga unakufa. Kuna la zaidi?"

"Si mimea, mama. Ni wanyama. Ila ndani yao kuna vimwani vidogo sana, ndivyo vinavyowapikia chakula. Vinapika kwa mwanga."

"Basi mpishi anataka moto. Mpe moto!"

Baba yake akacheka kule sebuleni. "Mama Kobe, utamsukuma huyo mpaka gamba lichubuke."

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa muuza taa. Akanionyesha moja nzito, ina feni mgongoni. "Hii mama, hata tangi likiwa refu kufika kiunoni, mwanga unafika chini kabisa." Niliposikia unafika chini, masikio yakafunga hapo hapo. Nikaibeba, nikaitundika katikati ya hodhi, karibu na maji. Chumba kikang'aa kama ukumbi wa harusi.

Kobe aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama, hii si kali mno?"

"Ukali ndiyo kazi yake."

Alifungua mdomo, akaufunga. Mimi nikahesabu hiyo ni shukrani.

Siku ya tano nilimkuta amepiga magoti mbele ya hodhi, mikono mapajani. Vipande vinne vya katikati vilikuwa vyeupe kama mfupa. Vile vya pembeni vimegeuka rangi ya chai iliyolala.

"Vimepauka," alisema taratibu. "Wapishi wameukimbia moto."

"Vimekufa?"

"Bado. Lakini vina njaa."

"Sasa kwa nini hukunikatalia?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Ungenisikia, mama?"

Nilizima taa, nikakaa chini kando yake, juu ya gunia la vitambaa. Nikaangalia tena: katikati weupe, pembeni weusiweusi. Nilikuwa nimeshaliona jambo hilo mahali.

"Nilipofungua karakana," nikamwambia, "nilikuwa na balbu moja kubwa juu ya meza ndefu. Fundi wa katikati kila siku kichwa kinamgonga. Wa mwisho wa meza anajichoma sindano. Nikawagombeza mwaka mzima, kumbe kosa ni balbu. Nikaitoa, nikafunga taa ndogondogo mstari mzima, juu kidogo, kila mkono upate mwanga sawa." Nikamgeukia. "Nimekufanyia kosa nililokwisha kulilipia. Nisamehe."

Kobe akaipekua orodha yake kwa muda wake wa kawaida, yaani muda wa mtu mwingine kufua shuka.

"Mikanda ya taa," akasema. "Minne, ya bluu na nyeupe, ienee urefu wote. Ndiyo niliyokuwa nimeifikia kwenye orodha."

Tuliinunua, tukaifunga siku ile ile. Mimi nilishika ngazi na bisibisi, nikapima nafasi kwa futi ya kitambaa. Yeye alizamisha kipima mwanga katikati, halafu kila pembe, akinituma: "Pandisha. Kidogo tena. Shusha wa kushoto." Ilipowaka niliona gizagiza la bluu tu.

"Huu ni mwanga au mzaha?" Nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha kuongeza.

"Hapana, mama. Usiguse."

Hakupaza sauti. Lakini hilo 'hapana' lilikuwa na mifupa. "Jicho lako haliioni bluu vizuri, wale wapishi wanaiona. Naanza na robo. Kila wiki naongeza kidogo, na naongeza mimi."

Mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

Mkuu wa kitalu alikuja wiki ya nane, mama mfupi mwenye buti za mpira. Vipande viwili vilikuwa vimekufa. Kobe hakuvitupa; alikuwa ameviweka kwenye bakuli, kando ya daftari. Viwili vingine vya katikati vimeanza kurudisha rangi kwenye ncha. Vinane vimenawiri.

"Hivi viwili vimepatwa na nini?"

Nikavuta pumzi nijitoe mhanga. Kobe akaniwahi. "Taa kali iliwekwa karibu mno, siku tano. Nilijua haifai, sikusema. Imo kwenye daftari."

"Taa niliweka mimi," nikasema. "Na sikumpa nafasi ya kusema."

Mkuu akafunua kurasa polepole.

"Kule kitaluni nina hodhi refu mara sita ya hili," akasema. "Kina ni hiki hiki. Wataalamu wameniletea taa tatu kubwa. Wewe ungefanyaje?"

Kobe akaanza kuhesabu kwa vidole. Ukimya ukarefuka, ukarefuka, na jibu nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, limeshapigwa pasi.

"Binti yangu..." nikaanza.

"Subiri, mama," akasema Kobe, bila kugeuka.

Mkuu akaniangalia, akatabasamu, akavuta kiti.

Nikasubiri.