Mjomba Kabonyeza Mara Mbili

“Nilibonyeza! Nakwambia nilibonyeza Kimya, tena mara mbili!”

“Hapo hapo, Mjomba! Hiyo ya pili ndiyo imetumaliza!”

“Usinipandishie sauti ofisini kwangu!”

“Nani kaanza kuipandisha?”

Wote wawili walikuwa wameipandisha mpaka mabati ya paa yanaitikia. Kule nyuma karakanani msumeno ulikuwa umezimwa. Maseremala watatu walikuwa wamejipanga kwenye mlango wa kati, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, wanajifanya wanatafuta futi kamba. Futi kamba tatu zipotee kwa mpigo, tena zote zipotelee ofisini!

“Nyie mnataka nini?” Mjomba akawageukia. “Hapa kuna sinema?”

Wakarudi ndani, lakini msumeno haukuwashwa.

Sasa ilikuwaje? Mjomba ndiye mwenye karakana ile ya samani. Cheche ni mtoto wa dada yake. Jina la Cheche alipewa shuleni, kwa sababu kukaa kimya dakika tano kwake ni adhabu. Alipomaliza shule, matokeo yakaja ya kusukuma siku, mama yake akamkabidhi kwa kaka yake: mtafutie cha kufanya kabla hajaivunja nyumba yangu. Mjomba akampa kiti cha mapokezi, na mezani pakiwa na simu nyeusi yenye vitufe vingi kama vifungo vya koti la mwanajeshi.

Simu ile walifungiwa miezi minane nyuma na jamaa mmoja mfupi, mcheshi, waliyemzoea kwa jina la Fundi wa Simu. Kifaa kimoja mapokezi, namba ya ndani kumi. Kingine chumbani kwa Mjomba, nyuma ya kioo, namba kumi na moja. Laini za nje mbili, kila moja na taa yake. Siku ile Cheche hakula mchana. Alimganda Fundi kama kupe, hiki cha nini, kile cha nini, mpaka Fundi akamwachia kitabu cha maelekezo ili apumue. Kesho yake vitufe vyote vilikuwa na vibandiko kwa mwandiko wa Cheche: SUBIRI, KIMYA, SPIKA, HAMISHA, UNGANISHA, RUDIA. Na Mjomba akafundishwa. Subiri, mteja anakaa pembeni. Kimya, wewe unamsikia, yeye hakusikii.

Tatizo ni kwamba Mjomba ni mtu wa mara mbili. Kufuli la karakana analifunga, analivuta, analifungua, analifunga tena. Ubao anaupima, anaweka alama, anaupima upya. Kwa seremala hiyo ni sifa, na meza zake haziyumbi. Lakini kitufe cha Kimya ukikibonyeza mara moja kinaziba, mara ya pili kinazibua.

Basi asubuhi ile, saa nne kasoro, Mwalimu Mkuu akapiga. Mama huyu ana shule, na aliagiza madawati sitini. Mjomba akamwambia kwa sauti ya asali, “Mwalimu, madawati yako yako kwenye vanishi, yanangoja kukauka tu.” Mwalimu akaanza kueleza habari ya wanafunzi wanaokaa chini, na maelezo yake hayakuwa na kituo. Mjomba akabonyeza Kimya. Halafu, kwa usalama, akabonyeza tena. Kisha akageuka kwenye mlango wa kati na kuwapigia kelele maseremala, simu iko shingoni:

“Jamani, huyu mama akianza kusema hata saa ya ukutani inaomba likizo! Hivi ile miti ya madawati yake tumeshainunua au bado?”

Mwalimu akasema neno moja tu, “Nimewasikia,” akakata.

Ndipo ugomvi ukaanza.

“Haya,” Mjomba alisema sasa, kaishusha sauti, na Mjomba akishusha sauti ujue kuna kitu anataka. Akakalia ukingo wa meza ya mapokezi. “Yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo. Mpigie.”

“Nani?”

“Mwalimu. Mwambie ni wewe.”

“Ni mimi nini?”

“Uliyesema. Mwambie, Mwalimu, mimi kijana wa mapokezi, ulimi uliniteleza, na ya vanishi nilimdanganya bosi wangu.”

Cheche akamtazama kama mtu aliyeuziwa kiatu cha kushoto peke yake. “Mjomba, sauti yako na yangu! Wewe unaunguruma kama jenereta!”

“Kwenye simu sauti zote sawa.”

“Na ile laini siwezi kuishika leo. Nilikwambia jana, nikakwambia juzi. Fundi wa Simu anapiga.”

Hapo ndipo penyewe. Fundi alikuwa anatafuta msaidizi wa kuzunguka naye kwenye maofisi, kuvuta nyaya, kufunga vifaa, kufundisha watu. Jina la Cheche lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake, na nyuma yake wengine wawili. Alisema wazi: Jumanne, kati ya saa nne na saa tano, nitakupigia. Ikilia mara sita bila kupokewa, nampigia wa pili. Simu ya mkononi ya Cheche ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya gundi wiki iliyopita, na walipoichomoa ilikuwa ngumu kama kigae. Kwa hiyo namba aliyompa Fundi ni hii ya ofisini. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa ameshakaa na kusimama mara zisizo na idadi, kaunyanyua mkonga kuhakikisha una mlio, kaurudisha haraka asije akaifunga laini mwenyewe, kapanga kalamu, kapangua kalamu. Goti lake la kulia lilikuwa linatetema mpaka maji kwenye glasi yanacheza.

“Laini ziko mbili,” Mjomba akasema. “Wewe si ndiye uliyenifundisha? Mwalimu kwenye moja, Fundi wako kwenye mbili.”

“Na nikiwa katikati ya kumwomba radhi?”

“Utamwambia asubiri.”

“Mwalimu? Asubiri? Leo?”

Mjomba akavua kofia, akajikuna. “Mpwa wangu, nisikilize. Mimi nina mvi. Mtu mwenye mvi akisema upuuzi ule, huo ndio mwisho wa heshima yake. Wewe ni mtoto. Mtoto hugombezwa, anasamehewa, yanaisha. Agizo hili likiondoka, wale watatu kule nyuma mwezi ujao watachonga nini, hewa? Nilipokuchukua kwa mama yako nilikuuliza cheti?”

Hakumuuliza, ni kweli. Tena siku alipomwaga rangi kwenye kabati la bibi harusi, Mjomba alilikwangua mwenyewe siku nzima na hakumwambia dada yake. Cheche akayakumbuka hayo yote kwa mara moja, na ndiyo ubaya wa fadhila, haichagui saa ya kujileta.

“Dakika mbili,” akasema. “Hata tatu hazifiki.”

“Mwanaume!” Mjomba akampiga begani. Akabonyeza Spika ili naye asikie, mara moja tu, maana Cheche alimshika mkono kabla hajarudia.

Cheche akabonyeza namba ya shule. Taa ya kwanza ikawaka. Ikaita mara nne.

“Shule, nakusikiliza,” sauti ikasema.

“Shikamoo, Mwalimu. Nazungumza kutoka karakana ya samani.”

“Ahaa. Leo nani ana likizo, saa ya ukutani au mimi?”

Mjomba akafumba macho. Cheche akainamia simu. “Mwalimu, nimepiga kukuomba radhi. Yale maneno ya asubuhi, yaani, aliyesema...”

Taa ya pili ikaanza kumeta.

Moja. Cheche akaiona, na maneno yote yakamkimbia.

“Aliyesema nani?” Mwalimu akauliza. “Maliza sentensi yako, kijana.”

Mbili.

“Mwalimu, samahani sana, naomba usubiri kidogo tu...”

“Thubutu! Mkinisubirisha leo tena, naagiza kwingine sasa hivi. Nambari ya seremala mwingine iko hapa mbele yangu.”

Tatu. Mjomba anatikisa kichwa kwa nguvu zote na midomo yake inasema bila sauti: usiguse, usiguse. Nne. Jasho la Cheche limefika kwenye kola. Akimwacha Mwalimu, wale maseremala watatu wanakosa kazi. Akiiacha taa, mwenzake wa pili kwenye orodha anapokea simu nyumbani kwao akiwa amelala. Tano.

Vidole vikaenda vyenyewe. Unganisha, taa ya pili, Unganisha.

“Cheche!” sauti ya Fundi ikajaa ofisini. “Nilishaanza kutafuta namba ya mwenzako! Sikia, leo leo nina ofisi moja yenye vifaa kumi na viwili, na nyaya zake zimefungwa na mtu aliyekuwa na hasira. Uko tayari?”

“Wewe ni nani?” Mwalimu akauliza.

“Na wewe mama ni nani?” Fundi akajibu.

“Mimi ni mteja. Nilikuwa naombwa radhi, naona sasa radhi yangu imekuwa mkutano wa hadhara.”

“Nimewaunganisha,” Cheche akasema haraka. “Samahanini wote. Hakuna aliyesubirishwa.”

Fundi akacheka. “Umeona, mama? Kijana anaijua simu huyu.”

“Hilo sijui,” Mwalimu akasema. “Ninachotaka kujua ni kama ndiye aliyenisema asubuhi, mimi nikiwa kwenye laini, kwamba nikianza kuongea hata saa inaomba likizo. Alikuwa ndiyo anataka kuniambia.”

Kicheko cha Fundi kikakatika. “Cheche. Ni kweli? Mimi nakupeleka kwenye maofisi ya watu. Kumsema mteja, na mteja yuko hewani? Mtu wa hivyo simchukui hata kwa kubeba ngazi.”

Mjomba alikuwa ameinua mikono miwili kifuani, viganja vimekutana, anamwomba mtoto wa dada yake kama anavyoomba mtu kanisani. Na macho yake hayakuwa ya bosi. Hilo ndilo lilimuuma Cheche kuliko makelele yote ya mwanzo. Neno moja, ndiyo, lingetosha, na kesho angekuwa kwenye kiti hiki hiki, na keshokutwa, anapanga kalamu, anapangua kalamu, anajifunza kuwa mtoto anayesamehewa.

“Siyo mimi,” akasema.

Mjomba akaishusha mikono.

“Basi ni nani?” Mwalimu akauliza.

“Yupo hapa, Mwalimu. Anakuja kuzungumza na wewe mwenyewe. Usikate, nakuhamishia.”

Akaibonyeza taa ya kwanza, Hamisha, moja, moja. Nyuma ya kioo, kwenye meza ya Mjomba, simu ikaanza kulia.

“Umefanya nini?” Mjomba akanong’ona.

“Nenda kapokee.”

“Nitamwambia nini?”

“Mwambie miti haijanunuliwa. Anajua tayari, Mjomba, alisikia kwa masikio yake! Anachongoja ni kuona kama tutamdanganya mara ya pili.”

“Wewe mtoto huna adabu!”

“Inalia mara ya tatu hiyo.”

Mjomba akaitazama simu, akamtazama Cheche, akatukana kitu fulani kinachohusu siku ya kuzaliwa kwake Cheche, kisha akakimbia. Mzee yule alikuwa hajakimbia tangu karakana ilipokaribia kuungua. Akaudaka mkonga.

“Mwalimu,” wakamsikia akisema. “Ni mimi. Ndiyo... Hapana, siyo kijana. Ni mimi mwenyewe.”

“Nipo bado,” Fundi akasema kwenye spika.

Cheche akaunyanyua mkonga. “Umesikia.”

“Nimesikia. Huyo ni mjomba wako, eh?” Fundi akavuta pumzi. “Utalala wapi leo?”

“Kwa mama. Atapiga kelele, atachoka.”

“Haya. Jengo la bima, ghorofa ya tatu. Nusu saa. Ukichelewa nampigia wa pili, sitanii. Na uje na bisibisi ndogo.”

Cheche akarudisha mkonga. Akafungua droo, akatoa bisibisi yake na kile kitabu cha maelekezo, kisha akakiacha kitabu juu ya meza, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa Kimya. Akaelekeza simu zote za mapokezi ziende namba kumi na moja, maana ofisi isiyopokea simu ni sawa na duka lililofungwa. Maseremala walikuwa wamesharudi kwenye mlango wa kati. Safari hii hawakutafuta hata futi kamba.

“Unakwenda wapi?” mmoja akauliza.

“Kazini.”

“Na hapa ni wapi?”

Kupitia kioo Cheche aliona shingo ya Mjomba imejaa jasho. “Wiki tatu, Mwalimu,” alikuwa anasema. “Hapana, siyo mbili, nikisema mbili nitakuwa nadanganya tena. Tatu... Ndiyo, njoo uione mbao yenyewe kabla haijakatwa... Hapana, usimwagize huyo mwingine kwanza, nisikilize...” Akageuka, akamwona Cheche amesimama na bisibisi mkononi. Akauziba mkonga kwa kiganja kizima, kama walivyokuwa wanafanya watu kabla ya kitufe.

“Rudi kwenye kiti!” akasema kwa meno. “Ukitoka hapo, kwangu usirudi! Nitamwambia mama yako! Cheche! Ngoja kwanza nimalize na huyu...”

Mkonga ukaita jina lake, naye akauondolea kiganja haraka. “Naam, Mwalimu, nipo. Nipo. Sijaenda popote.”

Cheche alifungua mdomo. Alikuwa na mengi, ya asante na ya matusi, yamechanganyika hata hayatenganiki, na yote yalitaka mtu wa kungoja. Saa ilikuwa imeshakula dakika nne za ile nusu saa. Akatoka, akaufunga mlango.